Mkataba mpya: mkufunzi wa marubani afanye kazi saa nane na nusu, alipwe saa nne. Mnataka tuupigie kura ya ndiyo?

Wakuu, rasimu ya mkataba nimeisoma mara mbili pamoja na viambatisho vyote. Mara ya kwanza nilidhani uchovu ndio unanifanya nisielewe. Mara ya pili nikaelewa vizuri, na usingizi ukaniruka.

Najua wengi mmefungua ukurasa wa viwango, mkaona kima cha malipo ya saa kimepanda, mkafunga. Siwalaumu. Tumesubiri mkataba huu muda mrefu na kila mtu ana madeni yake. Lakini nawaomba mrudi kiambatisho cha nne, sehemu ya wakufunzi. Nadhani hata baadhi ya wajumbe wa kamati ya majadiliano ya chama chetu hawakukisoma, maana nimemuuliza mmoja wao swali la wazi akaniambia atanirudia. Hajanirudia.

Juzi nilikuwa na zamu ya usiku kwenye simuleta, ile mashine ya mafunzo inayoiga chumba cha rubani na safari ya ndege. Kipindi kilianza saa saba usiku, maana mchana mashine hiyo hukodishwa kwa wengine. Saa nne na nusu usiku nilishafika kusoma mafaili ya wanafunzi wawili na kupanga hitilafu nitakazowapa. Saa tano na nusu tukaanza maelezo ya darasani. Saa saba tukaingia kwenye mashine, tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Tathmini ikaenda hadi saa kumi na mbili, kisha nikabaki peke yangu najaza fomu, kwa sababu fomu hizo ndizo mamlaka ya anga huzidai pakitokea jambo. Nimetoka getini saa moja asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Rasimu hii inanihesabia saa nne, zile za ndani ya mashine tu.

Na ndani ya mashine hatukuwa tumekaa kuhesabu saa. Mmoja wa wale wanafunzi, rubani msaidizi, kijana makini kabisa, nilimzimia injini ya kushoto sekunde chache baada ya V1, mwendo ambao ukishaufikia huwezi tena kuahirisha kuruka. Pua ikavutwa kushoto, naye akakanyaga pedali ya kushoto badala ya ile ya kulia. Mnaolijua hili mnajua kinachofuata. Nikasimamisha mashine. Tukarudia, safari hii akakanyaga ya kulia, ila kwa kuchelewa. Tukarudia tena. Mara ya nne niliuona mguu wake wa kulia ukitetemeka juu ya pedali kabla hata sijabonyeza kitu, nikajua shida si mguu, ni woga. Nikamwambia aache, anywe maji, anieleze kwa maneno ndege inafanya nini na kwa nini. Akaeleza. Tuliporudi akaipaisha ndege imenyooka, mwelekeo haukuyumba hata kidogo. Mwezi ujao kijana huyo atakaa kulia kwako wewe uliyeandika kwenye kundi letu kwamba wakufunzi tunadai fedha za kukaa kwenye kiti na kunywa kahawa.

Sasa njooni kwenye nyongeza ya mkufunzi, yaani malipo ya ziada anayopewa kwa kufundisha. Mkataba tulionao unaihesabu kwa asilimia ya kima cha saa, kwa hiyo kima kikipanda nayo inapanda. Rasimu imeigeuza kuwa kiasi maalumu kisichobadilika kwa maisha yote ya mkataba. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti, na ndiyo maana kamati inasema hakuna aliyepunguziwa. Ila kila kima kinapopanda, pengo kati ya mkufunzi na kapteni asiyefundisha litazidi kufinyika, na mwisho wa mkataba litakuwa halitoshi hata kufidia posho za safari ambazo mkufunzi hazipati kwa sababu siku za simuleta hasafiri. Ongeza na hili: kapteni akiitwa siku yake ya mapumziko kuendesha ndege, analipwa saa moja na nusu kwa kila saa. Mkufunzi akiitwa siku ya mapumziko kwenda simuleta, analipwa saa ya kawaida. Siku ileile, leseni ileile, watoto walewale wanaokusubiri nyumbani.

Nimejibiwa mara tatu sasa kwamba ukufunzi ni hiari, tukichoka turudi kwenye safari za abiria. Sawa. Tukirudi, nani atabaki? Atakayebaki ni kapteni aliyepandishwa majuzi, aliye chini kabisa kwenye orodha ya ukongwe, ambaye ratiba yake ya safari ni mbaya kiasi kwamba simuleta ya saa saba usiku anaiona nafuu. Simdharau, nami nilipita hapo. Lakini hajakutana na mengi angani, na huwezi kumfundisha mwenzako jambo ambalo hujawahi kulitafakari.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya shirika la United la Marekani, safari namba 232, aina ya DC-10, injini yake ya mkiani ilipasuka na vipande vikaua mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayoiwezesha ndege kuongozwa. Usukani ukawa haufanyi chochote. Kati ya abiria alikuwamo Denny Fitch, mkufunzi wa aina hiyohiyo ya ndege. Fitch alikuwa ameisoma ajali ya Japan Airlines ya mwaka 1985, iliyopoteza haidroliki yote, akaenda kujaribu ndani ya simuleta jinsi ya kuiongoza ndege kwa nguvu za injini peke yake. Alienda chumba cha rubani, akashika vishikio vya injini, akasaidiana na Kapteni Al Haynes na wenzake kuifikisha uwanja wa Sioux City, Marekani. Watu 112 walifariki, 184 wakapona. Hakuna mtaala uliomtuma Fitch kufanya jaribio lile. Ni moyo wa mtu aliyeipenda kazi ya kufundisha na aliyekaa nayo muda wa kutosha kuifikiria. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kiambatisho cha nne.

Kuna kifungu kingine ambacho hakigusi fedha moja kwa moja, na ndicho kinachonitisha zaidi. Sasa hivi mkufunzi ana uhakika wa siku za kuruka na abiria kila mwezi. Rasimu inaruhusu kampuni kumfungia kwenye simuleta mwezi mzima, na miezi mfululizo, kila inapoona mahitaji yanadai. Tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia penye ukungu, watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, aliyeanza kuruka bila ruhusa ya mnara, alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 wa shirika lake, na wachunguzi waligusia miaka yake mingi ya ukufunzi na uchache wa safari zake za kawaida. Kwenye simuleta ruhusa ya kuruka anaitoa mkufunzi mwenyewe, hana mnara wa kuungoja. Sababu za Tenerife zilikuwa nyingi, nazijua, nazifundisha. Lakini hii ya mkufunzi kukaa mbali na safari za kawaida ilikuwamo, na sisi leo tunataka kuiandika kwenye mkataba na kuisaini.

Mnaosema wakufunzi ni wachache na hatuwezi kuangusha mkataba wa wote kwa ajili ya wachache, nawauliza: tangu lini chama hiki kinahesabu vichwa kabla ya kumtetea mtu? Marubani wasaidizi walipobanwa kwenye mkataba uliopita, sisi makapteni hatukuguswa na kifungu kile, na tulipiga kura ya hapana pamoja nao. Nilisimama kwenye foleni ile nikiwa na sare, nimetoka safari.

Siombi rasimu yote itupwe. Irudishwe mezani kwa mambo matatu tu: maelezo na tathmini vihesabiwe kama saa za kulipwa, nyongeza irudi kuwa asilimia, na siku za kuruka na abiria zisiguswe. Kamati ikisema haiwezekani, ituambie ni nani kakataa na kwa sababu gani, kwa maandishi.

Kura zinafungwa Ijumaa saa sita usiku. Ambaye kiambatisho cha nne hakimo kwenye nakala yake, na nimeshawasikia watano ambao hawanacho, aseme hapa nimwekee kurasa zote leo hii.