Mume na mke kujitolea kufundisha Kiingereza ughaibuni mwaka mzima

Swali: Habari wakuu. Mimi na mke wangu hatujasomea ualimu. Nyaraka gani huchelewesha watu, na shirika litakalotupeleka tuliulize nini kabla ya kulipa?

Jibu 1: Anzeni na viza. Nchi nyingi haziruhusu kujitolea kwa viza ya utalii, hata kama hulipwi. Ukibainika ni faini au kurudishwa. Cheti cha ndoa ndicho husahaulika: mara nyingi hutakiwa apostili (uthibitisho rasmi wa nyaraka unaotambulika nje ya nchi) ikiwa nchi yenu na mnakokwenda zote zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, kwingine kithibitishwe ubalozini, na kitafsiriwe rasmi. Cheti cha polisi cha tabia njema msikichukue mapema mno, kwa kawaida huisha muda wake ndani ya miezi michache.

Jibu 2: Naongezea. Kozi ya TEFL (ya kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha ya kwanza) iwe ya saa 120 na yenye mazoezi mbele ya wanafunzi halisi. Ya mtandaoni tupu haikufundishi kumudu darasa la watoto 50, na hapo ndipo wageni wengi hukwama: wanaongea wao kipindi kizima. Wanafunzi wazungumze wawili wawili, dakika 3 hadi 5, kisha badilisha wenza.

Shirika lijibu kwa maandishi: shule moja au mbili? Chumba chenu wenyewe? Bima inagharamia kusafirishwa mgonjwa? Mmoja akiugua, mwenzake anaruhusiwa kuondoka naye? Likikwepa hilo la mwisho, tafuteni jingine.

Jibu 3: Pia fundisheni pamoja na mwalimu mwenyeji, msimpokonye kipindi. Mkiondoka, darasa linabaki kwake.