Ukuta wa bahari wa msikiti wetu unaliwa chini: matengenezo yaanzie wapi?

Katibu wa Kamati

Assalaam alaykum, na salamu kwa wanajukwaa wote. Kamati yetu inasimamia msikiti mdogo wa ufukweni, kusini mwa mji wa Tanga, ambao uwanja wake unakingwa na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa uliojengwa na wazee wetu. Miaka ya karibuni upande wa baharini ulipigwa lipu ya saruji. Tangu kusi (msimu wa upepo mkali wa kusini) ya mwaka huu lipu hiyo inabanduka kwa mapande, mawe yaliyo nyuma yake yanamumunyuka yakiguswa, na ndani ya uwanja, karibu na birika la kutawadhia, ardhi imetitia na kufanya shimo ambalo tumelijaza kifusi mara kadhaa bila mafanikio. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, tunaona pango chini ya msingi. Wanakamati wamegawanyika: wapo wanaotaka tumwage zege mbele ya ukuta wote, na wapo wanaotaka tununue malori ya mawe tuyarundike. Fedha ni michango ya waumini, nasi tunaogopa kuzipoteza. Tuanzie wapi?

Mhandisi wa Fukwe

Wa alaykum salaam, Ndugu Katibu. Shimo la uwanjani na pango la msingi ni ugonjwa mmoja. Bahari ikijaa, maji huingia kwa chini na kupitia nyufa. Ikipwa, hutoka yakiwa yamebeba mchanga, na kifusi mnachojaza huondoka kwa njia ileile. Pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua huzidi mita 3, kwa hiyo mara mbili kwa siku maji yanayobaki nyuma ya ukuta husukuma kuelekea nje wakati bahari imeshashuka na hakuna cha kuyazuia. Ndiyo maana kuta nyingi za namna hii huangukia baharini, ingawa watu hutazamia wimbi liziangushe kuelekea nchi kavu.

Kabla ya zege, ondoeni maji. Maji ya birika na ya paa yapelekwe kwa bomba mbali na ukuta. Kisha pango lizibwe kwa vipande vifupi vinavyopishana, yaani mchimbe kipande kimoja, mjenge msingi mpya hadi kwenye mwamba, mruke kipande, mwendelee. Mkichimba urefu wote kwa pamoja, ukuta utalala siku hiyohiyo. Nyuma yake fukueni kifusi, mtandike kitambaa maalumu cha kuchujia, mrudishie kokoto na mawe, na muache matundu ya kutolea maji yaliyokingwa kwa kitambaa hichohicho ili maji yatoke na mchanga ubaki.

Zege la mbele lisiloshuka chini ya pango litaning'inia tu. Tena ukuta wima na laini hulirudisha wimbi kwa nguvu, nalo huchimba mchanga wa mbele na kuuacha msingi wazi zaidi. Mawe yanasaidia, maana wimbi hupoteza nguvu likipenya katikati yake, lakini ukubwa wake usikisiwe kwa macho: urefu wa wimbi ukiwa mara mbili, uzito wa jiwe linalohitajika ili lisihame huwa mara nane. Malori ya mawe madogo yatasambaa ufukweni katika kusi moja.

Fundi Chokaa

Naunga mkono, na ningependa kuongeza kuhusu lipu. Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Likifunikwa kwa saruji ngumu, unyevunyevu hukwama ndani, chumvi huganda na kuwa chembechembe nyuma ya lipu, na chembe hizo zikikua huvunja jiwe. Huko ndiko kumumunyuka mnakokuona. Lipu yote iliyolegea ibanduliwe kwa patasi, taratibu, mawe yaliyooza yabadilishwe, na viungo vijazwe upya.

Hata hivyo, wanaosema chokaa tupu inatosha kila mahali wananisikitisha kwa kuwa wanaharibu sifa ya kazi nzuri. Chokaa ya kawaida hukauka kwa hewa, na sehemu inayofunikwa na maji kila siku haitashika kamwe. Hapo ichanganywe na unga wa matofali ya kuchoma, au itumike chokaa inayoshika ndani ya maji. Mchanga uwe wa mtoni wenye kibali au wa machimbo, usiwe wa ufukweni, na maji yawe yasiyo na chumvi. Kwenye msingi mpya wa zege, kama mtaweka nondo, zifunikwe kwa zege lisilopungua milimita 50, kwa sababu chumvi ikizifikia, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Mkazi wa Kunduchi

Ndugu Katibu, nawaomba mfikirie pia jirani zenu. Huku kwetu kaskazini mwa Dar es Salaam bahari imekula ardhi nyingi, ikachukua hata Hoteli ya Africana, na sehemu ya chanzo ni mchanga uliochotwa kwenye mito kama Tegeta na Mbezi, ambayo ndiyo hulisha fukwe. Kingo za mawe zilizojengwa kuingia baharini zilinasa mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Ukuta wenu ukiishia ghafla, wimbi litachimba kwenye ncha zake, basi ncha hizo zipindwe kuelekea nchi kavu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo mwoneni afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuagiza chochote.

Katibu wa Kamati

Nimewashukuru sana. Nimeisoma mijadala hii mbele ya kamati, na pande zote mbili zimekubali kuacha kujaza kifusi. Swali moja limebaki: kazi ya msingi ifanywe msimu gani, na tufanye nini kwa sasa?

Mhandisi wa Fukwe

Subirini kusi ipoe, mfanye kazi ya msingi kwenye matlai, yaani kipindi cha upepo mwanana baada ya kusi, katika siku za bamvua ambapo maji hupwa mbali na mwamba huonekana. Kila kipande kifungwe kabla maji hayajarudi, na vifaa vyote viwe tayari juu kabla ya kuchimba. Kwa sasa wekeni uzio kuzunguka shimo, kwani ardhi inayolizunguka inaweza kuwa tupu kwa chini na watoto wa madrasa hupita hapo. Birika na mifereji ya paa mnaweza kuvishughulikia wiki hii.