Tupeane uzoefu: kushea nyumba na rumeti wakati kila mtu ana kazi yake

Wakuu habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu sisi tulioajiriwa ila bado tunashea nyumba, maana Dar ya sasa ukitaka apatimenti ya maana Sinza au Mikocheni mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, hapo hata jiko la gesi hujanunua. Mshahara wa kuanzia hautoshi, ndo mnatafutana watatu mnachukua nyumba Kijitonyama, kila mtu chumba chake, sebule na jiko vya wote.

Nilichoona, kodi haigombanishi watu, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ndo inagombanisha. Tulikuwa tunanunua kwa zamu, sasa anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndo anakatwa kodi ya jengo, ametoa hela sawa na wenzake anapata yuniti pungufu, wakati kodi ile anatakiwa kulipa mwenye nyumba. Halafu mita yetu ilikuwa ya matumizi madogo, mwenzetu akaleta friza la kuuzia juisi tukavuka yuniti 75 kwa mwezi, bei ya yuniti ikapanda tukaumia wote. Tukafungua grupu la WhatsApp, hela ya umeme anatumiwa mtu mmoja, risiti anaibandika pale pale, kodi ya jengo inaandikwa pembeni tunamkata mwenye nyumba kodi inayofuata. Kelele zikaisha. Nyie mnafanyaje?

---

Mkuu umegusa penyewe, ila kwetu shida ilikuwa wageni. Mi ni nesi, nikitoka zamu ya usiku nataka kulala tu. Rumeti wangu tunapendana sana ila shemeji alihamia kimya kimya, leo mswaki, kesho pasi, mara asubuhi yuko sebuleni na muziki. Nikamkalisha nikamwambia dada, mtu akilala zaidi ya siku mbili kwa wiki achangie maji na gesi, na asubuhi nyumba iwe kimya. Alinuna kweli, ila baadaye shemeji mwenyewe akaanza kutuma hela. Ongeeni mapema jamani.

---

Mimi niko Nairobi, Kilimani. Huku unalipa kila mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, so kuingia si ngumu vile, shida ni mtu akitoka. Mwenzangu alipata kazi Mombasa akahama ghafla, na mkataba ulikuwa na jina langu pekee, landilodi akanidai yote. Nilikuwa natoka kazini nikimkuta keateka amesimama kwa mlango. Saa hii majina yote yako kwa mkataba, na anayehama anapeana notisi ya mwezi mzima ama anatuletea mtu wa kuchukua chumba. Bongo mwenye nyumba anakubali kuandika watu watatu?

---

Wa kwangu Tabata alikubali, alichotaka ni mmoja wetu awe wa kupigiwa simu. Tulisaini wote watatu mbele ya mjumbe wa serikali ya mtaa, kila mtu akaondoka na kopi yake, na kiasi alicholipa kila mmoja kimeandikwa.