Sauti nzito ya msimuliaji wa Show'N Tell: je, kumbukumbu yangu inanidanganya?

Binti wa Chumbageni:
Wanajukwaa, hamjambo. Marehemu baba yetu aliporejea Tanga mwaka 1974 kutoka masomoni Marekani, alituletea kifaa cha General Electric kiitwacho Show'N Tell, chenye kioo mbele mfano wa televisheni na sahani ya santuri juu yake. Ulitumbukiza ukanda mgumu wa picha katika tundu la juu, ukaweka sindano mwanzoni mwa santuri, na hadithi ikiendelea picha zilibadilika zenyewe. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, hivyo watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwetu.

Ninachokumbuka zaidi ni sauti ya msimuliaji: nzito, ya taratibu, kama ya babu aliyeshiba. Mwezi uliopita, nikiwa Marekani kwa mwanangu, nilinunua kifaa kama kile kwenye mnada wa vitu vya kale, pamoja na santuri ileile. Msimuliaji ana sauti nyepesi ya kijana, tena anakimbia! Ipi ndiyo sahihi?

Fundi Santuri:
Shikamoo mama. Zote mbili umezisikia kweli. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni wa hezi 50, na mwendo wa mota za namna hiyo hufuata hezi. Bila shaka baba alikuwa na transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230, lakini transfoma hushusha volti tu, hezi haizigusi. Kwa hiyo santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilizunguka kama mara 28, sauti ikawa nzito, na hadithi ya dakika nne ikakaribia dakika tano. Picha hazikuachana na maneno kwa sababu mzunguko wa sahani ndio uliousukuma ukanda. Vyote vilichelewa pamoja.

Mjukuu wa Pemba:
Kwetu transfoma haikuwepo. Mjomba alichomeka moja kwa moja ukutani, tukaona mwanga mkali, kisha giza na harufu ya plastiki iliyoungua. Hadithi yenyewe sikuisikia kamwe.

Msomaji wa Mombasa:
Sisi tulikuwa na View-Master yenye sauti, kifaa cha kutazamia picha kwa kukiweka machoni, iliyotolewa na kampuni ya GAF mwaka 1970. Gurudumu lake la picha saba lilibandikwa santuri ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga. Ile ilitumia betri, kwa hiyo hezi haziihusu, ingawa betri zilipochoka msimuliaji naye alichoka, hadi akawa ananguruma. Kwa maoni yangu picha zake zilipendeza kuliko za kioo, kwa kuwa ziliinuka kama vitu halisi. Ila ilikuwa ya jicho la mtu mmoja, na ndugu zangu waliipigania kila jioni.

Binti wa Chumbageni:
Marahaba, Fundi. Jana niliirekodi hadithi kwa simu, mwanangu akaipunguza kasi kwa programu ya kompyuta hadi sehemu tano kati ya sita, kama hezi 50 kwa 60. Yule babu akarudi. Nilimtumia dada yangu aliyeko Tanga bila maelezo yoyote, naye akanijibu kwa ujumbe wa sauti, akiitaja kila picha kabla msimuliaji hajaifikia.