Riwaya yangu: programu isiyo na seva kuu. Kwa nini wasiizime tu?

Kalamu_Kavu: Wakuu, naandika riwaya ambayo adui ni programu iliyosambaa kwenye maelfu ya vifaa na inajiamulia yenyewe. Msomaji makini atauliza: kwa nini wasichomoe waya? Naomba ushauri.

WayaMwekundu: Mkuu, anza na amri inakotoka. Ikitoka seva moja (kompyuta kuu inayohudumia nyingine), polisi wanaikamata na hadithi inaishia sura ya pili. Conficker, programu hasidi ya 2008, ilitumia tarehe kutunga majina 250 ya tovuti kila siku, ikaenda kuchukua amri huko. Wataalamu wa usalama wa kompyuta (walinzi) walipoanza kuyasajili mapema ili mwenye programu asiyapate, toleo la 2009 lilipanda hadi majina 50,000 kwa siku, na kompyuta zilizoambukizwa zikapashana habari zenyewe kwa zenyewe. Tena amri zilikuwa na sahihi ya kidijitali, yaani uthibitisho kwamba zimetoka kwa mwenye programu, hivyo shujaa hawezi kutuma tu amri ya kujifuta. Itakataliwa.

Fundi_Ruta: Kuhusu kuzima: Mirai, programu hasidi ya 2016, iliingia kwenye kamera na ruta kwa kujaribu jozi 62 za majina na manenosiri ya kiwandani. Ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo ukizima kifaa inafutika. Ukikiwasha bila kubadili nenosiri, dakika chache tu imerudi, kwa sababu vifaa vingine bado vinaitafuta milango iliyo wazi. Ingebidi dunia nzima izime kwa pamoja. Hilo ndilo jibu la msomaji wako.

WayaMwekundu: Kosa ninaloliona sana ni kasi. Kirusi cha Robert Morris, Novemba 1988, kiliuliza kama nakala yake tayari ipo kwenye kompyuta. Ikiwepo, mara 1 kati ya 7 kilijipachika hata hivyo. Uwiano huo ulizidi mno: nakala zikarundikana, mashine zikalemewa, watu wakashtuka usiku uleule. Programu yako ikitaka kujificha miezi sita, ienee taratibu.

Kalamu_Kavu: Asanteni sana. Sasa shujaa aishinde vipi?

Fundi_Ruta: Asiichomoe, ajipenyeze. Mtandao usio na kiongozi unaishi kwa orodha za majirani: kila kifaa kinahifadhi anwani za vingine. Mwaka 2014 Gameover ZeuS, mtandao wa aina hiyo wa kompyuta zilizoambukizwa, iliangushwa kwa kuzijaza orodha hizo anwani za kompyuta za walinzi, na wakati huohuo tovuti zake za akiba zikazibwa. Mwandikie shujaa kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Akiacha njia ya akiba wazi, mwenye programu anatuma toleo jipya na orodha safi.