MREJESHO: Koti la ngozi, M au L?

Niliuliza kama M inayobana kifuani niiache nichukue L. Asanteni wakuu, nimebaki na M. L ilifunga zipu bila shida, ila mshono wa bega ulishuka kama sentimita 2 chini ya mfupa, na bega ndilo gumu kurekebisha: fundi akifumua, matundu ya sindano yanabaki kwenye ngozi. M imekaa mfupani kabisa. Nikijikumbatia mgongo unavuta kidogo. Hapo ngozi italegea, na viwikoni pia. Mikono inafika mwanzo wa kidole gumba, sawa tu, maana ikishaweka mikunjo itapanda. Zipu nimeijaribu nikiwa nimekaa, sweta jepesi ndani. Cha kuangalia ni bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti: yenyewe hailegei, ikibana kwapani inachanika kabla ya ngozi.