MJADALA: Muuguzi wa cheti bado anafaa wodini, au watu waanzie diploma?

Kipimajoto (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila likizuka lalamiko la mama kutukanwa leba au mgonjwa kupewa dawa isiyo yake, mitandaoni hukumu hutoka dakika hiyohiyo: "Hao ndio wale wa D nne," yaani waliofaulu kidato cha nne kwa alama za chini. Leo naomba tujadili bila kejeli, maana swali lenyewe lina uzito. Je, Tanzania ifunge ngazi ya cheti kwenye uuguzi na ukunga?

Kwa walio nje ya fani, utaratibu tuliouzoea ni huu. Kijana wa kidato cha nne aliyefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, anaingia chuo. Akiishia miaka miwili ana cheti, akifikisha mitatu ana diploma. Wa shahada husoma miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Wote wanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010.

Majirani walishaamua. Rwanda iliacha kusomesha wauguzi wa A2, wale wa ngazi ya sekondari, mwaka 2007, vyuo vikahamia A1, yaani diploma, ingawa 2021 ilirudisha uuguzi kwenye baadhi ya shule za sekondari. Kenya walikuwa na wauguzi wa cheti wengi mno kuweza kuwarudisha darasani, hivyo kuanzia 2005 Baraza lao la wauguzi na shirika la afya la Amref waliwapelekea masomo kwa kompyuta wapande hadi diploma huku wakiwa zamu. Walilenga watu wapatao 22,000.

Msimamo wangu: tuanzie diploma. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti. Kabla ya dozi inayofuata, muuguzi anagonga goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anapima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Akiruka hatua hizo, dawa iliyokuja kuokoa inaweza kusimamisha pumzi, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuizima, lazima iwe jirani. Kazi ya namna hiyo kumkabidhi mtu wa miaka miwili mimi naona ni kumwonea yeye na mgonjwa.

Zamu ya Usiku

Mkuu Kipimajoto, mimi ndiye huyo wa cheti. Hayo ya goti na mkojo nayajua, na si darasani nilikoyashika. Nilionyeshwa na mkunga wa cheti mwenzangu, mama mtu mzima, usiku, mgonjwa akiwa mbele yetu.

Unahesabu miaka, mimi nakuomba uhesabu wagonjwa ambao mwanafunzi amewashika kwa mikono yake. Nenda leba yoyote kubwa kipindi cha fildi. Mama mmoja anajifungua, wanafunzi wamejipanga mpaka mlangoni kutoka vyuo vitatu tofauti, wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Ikifika wiki ya mwisho kila mmoja ana kitabu chake cha vitendo kinachodai saini, na inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ana wodi nzima inamsubiri. Anakaa chini anasaini. Tarehe tofauti, wino uleule, mwandiko uleule. Chuo kinapokea, kinafunga faili.

Sasa huyo wa diploma amepata nini cha ziada? Mwaka mmoja zaidi wa kusimama nyuma ya migongo.

Na akishaajiriwa anakuja kupokea zamu peke yake, usiku, wodi imejaa mpaka chini. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Wenye uchungu wakiwa wanne na mkunga mmoja, halafu mmoja akaanza kuvuja damu, hizo nusu saa za wale watatu anazipima nani? Zinajazwa asubuhi. Kila aliye kwenye fani anajua, tunaona haya tu kusema.

Mzazi wa Mbagala

Samahanini, mimi si wa fani. Mnabishana cheti na diploma, ila ndugu yangu alipolazwa tuliomwogesha, kumgeuza, kumlisha na kumwaga mkojo ni sisi wa nyumbani. Nesi alikuja na sindano, akaondoka. Tulipouliza kidonda cha mgongoni kimetoka wapi, tukajibiwa "hamkumgeuza." Kumbe ilikuwa kazi yetu? Hiyo kauli njema nayo hufundishwa mwaka wa ngapi?

Zamu ya Usiku

Mzazi, pole sana. Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ni kazi ya muuguzi, na mazoea tuliyofundishwa ni kila saa mbili. Ndugu anasaidia, hawajibiki. Kauli ile haina utetezi. Ila ndugu zetu nao wangejua nini ni haki yao kudai kama kingeandikwa ukutani wodini, kwa Kiswahili cha kawaida, badala ya lile bango la "Huduma bora kwa wote" ambalo halimsaidii mtu kudai chochote.

Takwimu Baridi

Ngoja niwapatanishe, au niwagombanishe zaidi. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake kwenye hospitali za nchi tisa za Ulaya. Kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Na kila sehemu ya wauguzi wenye shahada kati ya wauguzi wote ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo ulishuka kwa asilimia 7. Kwa hiyo elimu inahesabika, na idadi inahesabika.

California walikwenda kwenye idadi. Sheria ilipita 1999, ikaanza kutekelezwa 2004, na mwaka uliofuata wodi za kawaida za watu wazima zikawekewa kikomo cha wagonjwa watano kwa muuguzi mmoja. Sisemi tunakili namba yao, hatuna watu hao. Nachosema ni kwamba kiwango cha huduma kisichotaja idadi ni maombi tu.

Zahanati ya Mwisho wa Barabara

Niko mkoani, zahanati yenye muuguzi mmoja wa cheti. Kabla yake tulikuwa na mhudumu tu, tena asiyesomea. Wa diploma waliwahi kupangwa huku, wakaripoti, wakaomba uhamisho. Mkifunga cheti leo, kwenu mjini diploma zitajaa, kwetu kitarudi kiti kitupu. Fikirieni na huku.

Kipimajoto (mleta mada)

Zahanati, hoja yako naielewa ila sikubali kwamba mwanakijiji apewe aliyesoma kidogo kwa sababu aliyesoma zaidi hataki kukaa. Hilo litatuliwe kwa nyumba ya mtumishi na posho. Na mfano wa Kenya unajibu: hakuna aliyefukuzwa, watu walipandishwa wakiwa vituoni mwao. Muuguzi wako angebaki palepale, akiwa na diploma.

Zamu, wewe umelalamika vizuri. Pendekezo lako ni lipi?

Zamu ya Usiku

Pendekezo langu ni kwamba udahili upimwe kwa wagonjwa. Kwa sasa chuo kikikaguliwa tunasikia habari za madarasa, maktaba, maabara ya mazoezi yenye mdoli. Mimi nataka mkaguzi aanzie hospitali ambako hao wanafunzi watapelekwa. Aulize: hapa wanajifungua akina mama wangapi kwa mwezi? Vyuo vingapi vingine vinaleta wanafunzi hapahapa? Wakunga wangapi zamu ya mchana wana nafasi ya kufundisha? Kisha agawanye. Kila mwanafunzi akistahili akina mama kadhaa wa kuwazalisha kwa mikono yake chini ya usimamizi, idadi ya kudahili inajitokeza yenyewe, hata kama madawati yapo 200.

La pili, mkunga anayefundisha wodini apunguziwe wagonjwa siku hiyo au alipwe. Chuo kinakusanya ada, hospitali inabeba mzigo, anayesaini hapati hata maji. Halafu tunashangaa anasaini bila kuangalia.

Haya yakifanyika, Kipimajoto, diploma yako naiunga mkono kesho asubuhi. Yasipofanyika, utakuwa umebadilisha karatasi.

Takwimu Baridi

Wenye vyuo binafsi watakuja juu. Kwa hesabu hiyo wapo watakaobaki na robo ya wanafunzi.

Zamu ya Usiku

Waje humu waeleze hiyo robo tatu nyingine ya wanafunzi sasa hivi inajifunzia wapi kuzalisha.